Punje Thelathini na Mbili

Kabla ya kombaini kumkata mguu, Margwe wa Dirma alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kuuliza maswali. Aliwauliza madereva wa trekta kwa nini moshi unatoka mweusi asubuhi na mchana hauonekani. Alimuuliza padre kama Adamu alikuwa na kitovu, na padre akamwambia aje siku nyingine. Shule aliiachia darasa la pili ili akachunge ng'ombe wa baba yake, na nadhani yale maswali ambayo wenzake waliyamaliza darasani, yeye alibaki nayo yote kifuani. Kwa hiyo binti yake Helena alipochaguliwa kwenda sekondari Mbulu, hakuna aliyefaidi kuliko yeye. Kila likizo alimngoja pale basi linaposhushia, akampokea sanduku lake la bati, akaliweka begani, na kabla hawajamaliza hatua kumi alikuwa ameshauliza: "Haya, safari hii wamewafundisha nini?"

Likizo ya Juni mwaka themanini na tatu, Helena akiwa kidato cha tatu, walikuwa wamefundishwa seli.

Alimweleza njiani. Mwili wote ni seli, baba, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila moja inagawanyika na kuwa mbili, na mbili zinakuwa nne. Ndivyo mtoto anavyokua. Ndivyo kidonda kinavyopona. Margwe alisimama katikati ya barabara na sanduku lake begani, akautazama mkono wake mwenyewe, juu na chini, kama mtu aliyeambiwa ana shamba ambalo hakujua kama ni lake.

Nyumbani lakini hakukuwa na furaha. Mwezi wa nne, Helena akiwa shuleni, mdogo wake wa mwisho, Tomaso, alikuwa amekufa. Miezi mitano, homa ya siku mbili, basi. Na kwa Wairaqw mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya anaingia katika meeta. Haendi nyumba ya mtu, hapiti kwenye mifugo ya mtu, hachoti maji wenzake wakiwa kisimani, wala mtu haingii kwake, mpaka mwaka uzunguke. Ana bakuli lake na kikombe chake na upande wake wa kulala. Padre alishalihubiri jambo hilo mara nyingi, kwamba ni ushirikina, na waumini waliitikia vizuri kabisa, kisha wakatoka kanisani wakaizunguka nyumba ya Letisia, mke wa Margwe, kwa mbali kama kawaida. Hawakumchukia. Walimwogopa kwa upole, na mimi sijui kama kuna kitu kinachomuumiza mtu kuliko hicho.

Helena alipoingia ndani na kutaka kumkumbatia mama yake, Letisia alirudi nyuma hatua moja.

"Kaa mbali kidogo, mwanangu. Nina uchafu."

"Mama, huna uchafu wowote. Hayo ni mambo ya zamani."

Letisia alitabasamu, tabasamu la kumwitikia mtoto anayesema mwezi unamfuata, akaenda kukaa upande wake.

Margwe naye kwa desturi alitakiwa atulie nyumbani. Hakuweza. Nyumba ilikuwa kimya mno, na kitanda kidogo cha Tomaso bado kilikuwa pale ukutani. Akaenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya ngano ya serikali, ambako watu walitoka kila mkoa na hakuna aliyeuliza nani kafa kwako. Uwanda wote ule ambao zamani ulikuwa malisho sasa ulikuwa ngano, ngano mpaka macho yachoke, na wakati wa kuvuna kombaini zilitembea humo kutwa zikikata na kupura kwa pamoja. Kazi ya vibarua ilikuwa kuzifuata na kuzisafisha zikikwama.

Siku ya nne ya likizo, kombaini moja ilikwama kwa majani mabichi. Dereva alizima injini. Margwe akainama mbele ya visu kuyavuta yale majani, akavuta kwa nguvu, yakaachia ghafla, naye akateleza na ugoko wake ukaingia kwenye visu. Injini ilikuwa imezimwa, kwa hiyo haikuwa ajali ya kutisha. Ilikuwa ajali ya kuchekwa, na vibarua wenzake walimcheka kidogo walipokuwa wakimfunga kitambaa. Mkato wenyewe ulikuwa na urefu wa vidole vinne.

Kwenye zahanati ya shamba alikuwepo mganga mmoja, Xavery, ambaye wote walimwita daktari naye akaitika. Aliosha kidonda, akatoa vipande vya majani, akashona nyuzi tano, akamchoma sindano.

"Kesho kutwa uje, Mzee Margwe. Nikifungue nikitazame, nikuchome nyingine. Usikose."

"Sikosi," alisema Margwe, na alikuwa anasema kweli.

Asubuhi yake alikuwa amekaa nje juani, mguu umenyooshwa juu ya gogo, anafurahi waziwazi. Mtu mwenye maswali hapati mara nyingi nafasi ya kuulizia mwili wake mwenyewe. Alimwita Helena aje na kitabu.

"Sasa niambie. Humu ndani wameshaanza kazi?"

"Wameanza, baba."

"Seli moja inachukua muda gani mpaka iwe mbili?"

Helena hakuhitaji kufungua kitabu. "Kama siku moja. Saa ishirini na nne. Saa ishirini na tatu inajiandaa, inakula, inakua, inanakili kila kilichomo ndani yake ili mwenzake asikose kitu. Kugawanyika kwenyewe ni kama saa moja tu."

"Kama harusi basi. Maandalizi marefu, shughuli yenyewe fupi."

"Ndiyo, baba."

"Na zote ni hivyo?"

"Siyo zote. Za utumbo zina haraka. Za ini zinaweza kukaa mwaka mzima. Za ubongo, ukishakua, ndiyo basi, haziongezeki."

Margwe alicheka mpaka akashika mguu. "Kumbe zangu bado ni zile zile za darasa la pili!"

Hata Letisia, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake mbali kidogo, alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, na Helena aliusikia ule mcheko kama zawadi aliyoileta yeye kutoka Mbulu.

Margwe akaomba ungo na ngano kiganja kimoja. Akaweka punje moja katikati ya ungo. "Hii ni leo," alisema. "Kesho mbili. Keshokutwa nne. Tuone mwisho wake."

Helena alimpigia hesabu hapo hapo, kwa kijiti, juu ya vumbi. Siku ya sita, punje thelathini na mbili. Siku ya kumi na moja, elfu moja na ishirini na nne. Na hizo ni za seli moja tu, baba, na ukingoni mwa kidonda ziko nyingi sana, zote zinafanya hivyo hivyo. Akapiga mstari chini ya hesabu yake kama walivyofundishwa. "Siku kumi na moja," alisema, "kidonda kitakuwa kimejaa." Margwe aliitazama ile namba kwenye vumbi kwa heshima kubwa, akawazuia kuku wasiikanyage.

Siku ya pili aliongeza punje moja, zikawa mbili. Hiyo ndiyo siku aliyotakiwa kurudi kwa Xavery. Alikuwa ameshavaa koti na kuchukua fimbo. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa mzima, na kwenye benchi la wagonjwa wale waliotoka Dirma wangesogea mmoja mmoja mpaka abaki peke yake, kwa sababu ya meeta. Alisimama mlangoni akapima mguu kwa kuukanyagia.

"Helena, unaonaje? Niende?"

Hapo ndipo, wasomaji wangu, ningetamani kuingia ndani ya habari hii nimshike yule mtoto mdomo. Lakini aliulizwa na baba yake, kwa heshima, kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima, na ni binti gani wa miaka kumi na saba angejibu kwamba hajui?

"Sindano haioteshi nyama, baba. Seli ndizo zinaotesha. Ukitembea saa mbili nyuzi zitakatika, itabidi zianze upya. Ni afadhali uupumzishe."

"Na sindano ya nini basi?"

"Ya maumivu," alisema Helena. Hakuwa na hakika. Alisema tu kwa sababu jibu lilitakiwa.

Margwe alivua koti. Alikaa tena juani na kumwomba amsomee ukurasa unaofuata.

Zile zilikuwa siku nzuri, na hilo ndilo lililokuja kumuumiza Helena baadaye kuliko mengine yote. Hakuna mgeni aliyekuja kuwasumbua, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuja. Walikuwa watatu tu, na kitabu na ungo. Baba yake alijifunza kutamka majina ya hatua zote za seli kugawanyika, kwa Kiingereza cha kwake, akayarudia kama litania, na Helena akamsahihisha kwa ukali wa mwalimu. Punje zikawa nne. Zikawa nane.

Siku hiyo ya punje nane, kulikuwa na harufu. Haikuwa kubwa. Helena aliisikia asubuhi alipopita ndani, akafikiri ni ngozi ya mbuzi iliyolowa. Bandeji ilikuwa imegeuka rangi pembeni, na mguu umevimba juu yake, unang'aa. Alijiambia uvimbe ni dalili ya kazi. Kitabu kilisema eneo la jeraha hupelekewa damu nyingi ili seli zipate chakula. Kitabu hakikukosea. Hata leo hakijakosea.

Alichoona pia siku ile, bila kukielewa, ni kwamba mama yake alianza kuoga sana. Letisia alikuwa akichota maji jioni, wenzake wakishaondoka kisimani, na yalikuwa ya kuhesabu. Sasa alichota mara mbili. Asubuhi alikwenda nyuma ya nyumba na kibuyu na jivu, akajisugua, akarudi. Mchana tena. Akahamisha kigoda chake kutoka mlangoni mpaka chini ya mti wa miiba wa kwenye ua, upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda nje. Helena alidhani ni huzuni ya Tomaso inamrudia, na akamwacha.

Siku ya punje kumi na sita alikuja Gidamis.

Gidamis alikuwa Mbarabaig, jirani yao wa upande wa chini, mzee mrefu aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake pembezoni mwa ngano kwa sababu katikati hapakuwa kwake tena. Yeye na Margwe walikuwa wakipeana dume la mbegu na maneno mengi. Meeta aliijua, kwao pia wana mambo ya namna hiyo, kwa hiyo hakuingia. Alisimama nje ya ua, fimbo begani, pua juu.

"Shikamoo, baba Gidamis," Helena alimsalimu.

"Marahaba, binti. Baba yako yuko wapi?"

"Niko hapa!" Margwe aliita kutoka juani. "Napona!"

Gidamis hakucheka. Alimwita Helena asogee kwenye ua, akaongea kwa sauti ya chini. "Mguu huo unanuka. Upepo umenipa habari nikiwa kule chini kwa ng'ombe. Ng'ombe akinuka hivyo mimi silali. Mpelekeni hospitali leo. Siyo kesho, binti. Mimi ninaweza kwenda shambani kuwaombea gari."

Helena alimweleza. Alimweleza kwa adabu, kwa Kiswahili chepesi, kama anavyoelezwa mtu ambaye hakusoma. Kwamba mwili una seli. Kwamba kila moja inachukua saa ishirini na nne. Kwamba leo ni siku ya tano na kazi inakwisha siku ya kumi na moja, kwa hiyo kidonda bado ni kichanga, kinaweza kutoa harufu kidogo, siyo kitu. Alimwonyesha mpaka ungo.

Gidamis aliutazama ule ungo muda mrefu.

"Hiyo ngano yako inahesabu nani?" aliuliza. "Inahesabu baba yako, au inahesabu kile kinachomla?"

Helena hakuelewa swali, na kwa kuwa hakulielewa, aliliona la kijinga. Nyuma yake Margwe alikuwa anatabasamu kwa fahari, maana alikuwa hajawahi kumsikia mtoto wake akimfundisha mzee wa watu. "Umesikia hayo, Gidamis?" alisema. "Saa ishirini na nne! Wewe ulikuwa unajua?"

"Sikujua," alisema Gidamis. Akaondoka polepole, akageuka mara mbili.

Kesho yake Margwe alipanga punje thelathini na mbili. Alirudia kuhesabu mara tatu kwa sababu zilikuwa zinamkimbia machoni. Mchana homa ilimpanda, akaanza kumwita Tomaso alete ng'ombe, Tomaso ambaye hakuwahi hata kukaa mwenyewe. Letisia alipasha maji na kumwosha kidonda kwa mikono yake, na alipofungua bandeji Helena aliona nyama imekuwa nyeusi mpaka karibu na goti.

Alikimbia. Ule mwendo wa saa mbili alikwenda kwa saa moja, ndani ya mabua yaliyokatwa, yakimchana miguu. Hhando, dereva wa lori la kubebea ngano, alikuwa amepakia na yuko tayari kwenda, na hakuuliza meeta wala nini. Aligeuza lori. Walimlaza Margwe juu ya magunia, kichwa mapajani kwa Helena. Letisia hakupanda. Alisimama kwenye ua amejishika mikono. "Nisimharibie safari," alisema.

Ni kule juu ya magunia, njia ya hospitali, ndiko Helena alikokumbuka. Halikuwa jambo geni. Walifundishwa kidato cha pili, wakaandika kwenye daftari, akapata alama zote, akafunga daftari. Bakteria akipata joto na chakula anakuwa wawili kwa dakika ishirini.

Dakika ishirini. Akahesabu, kwa sababu alikuwa binti wa kuhesabu. Saa moja, mmoja anakuwa wanane. Saa nane, milioni kumi na sita na zaidi. Saa kumi, wanapita bilioni. Na wakati huo ile seli ya baba yake, moja, haijamaliza hata kujiandaa. Bado inanakili. Bado iko kwenye maandalizi ya harusi. Alijaribu kufika saa ishirini na nne akashindwa, ngano yote ya mashamba yale isingetosha kuwa punje zake. Najua hesabu ya darasani siyo hesabu ya mwilini, mwili una askari wake na wadudu wana mipaka yao. Lakini alikuwa peke yake juu ya magunia na hakuwa na hesabu nyingine. Alianza kulia kwa sauti, na Margwe akafumbua macho.

"Leo ngapi?" aliuliza.

"Thelathini na mbili, baba."

"Na kesho?"

"Sitini na nne."

"Inakwenda vizuri," alisema Margwe.

Hospitalini walifanya kila kitu. Wakaukata mguu jioni ile ile, wakamwekea damu. Sumu ilikuwa imekwisha kupanda. Alikufa asubuhi ya siku ya punje sitini na nne.

Msibani maneno yalijulikana kabla ya maiti kufika. Letisia alikuwa na meeta, na Letisia ndiye aliyekiosha kidonda kwa mikono yake. Kulikuwa na haja gani ya kuuliza zaidi? Walimhurumia sana, wakasogea mbali zaidi. Wakamwambia mwaka wake umeanza upya. Yeye hakubisha. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila alichoambiwa, na Helena alikuwa amekaa mita mbili tu kutoka hapo, na alikuwa na neno moja la kusema, na hakulisema. Alijiambia atalisema kesho. Kesho yake akajiambia watu ni wengi. Kisha likizo ikaisha, akachukua sanduku lake la bati mwenyewe mpaka kwenye basi.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa na swali la tano, la alama kumi, kwa Kiingereza: eleza hatua za mgawanyiko wa seli katika mwili wa binadamu na muda unaochukuliwa. Helena alikaa na swali hilo mpaka wenzake wakaanza kufunga karatasi. Kisha akaandika. Aliandika saa ishirini na nne, akaandika saa moja, utumbo na ini na ubongo, vyote kwa mpangilio. Mwalimu Felician alimpa kumi kati ya kumi na kuandika kwa wino mwekundu: Safi sana.

Hakuna kosa hata moja katika lile jibu. Alilisoma mara nyingi sana ndani ya basi la Desemba, akilitafuta.

Nyumbani alimkuta mama yake amekonda, amekaa kwenye kigoda kile kile chini ya ule mti wa kwenye ua. Ndani, ukutani, ungo ulikuwa umetundikwa, na chini yake kulikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Helena alikifungua bila kuuliza. Zilikuwa punje thelathini na mbili. Letisia alikuwa amezihifadhi miezi mitano dhidi ya panya na njaa, bila kujua ni za nini hasa, ila kwamba ndizo Margwe alizozigusa mwisho.

Helena alitoka nje nazo mkononi, na karatasi ya mtihani. Akapiga magoti mbele ya mama yake kwenye vumbi.

"Mama, siyo meeta. Hukumuua wewe." Akasema yote, kwa mfululizo, asije akasimama njiani. Sindano ya kuua wadudu, aliyomwambia baba asiifuate. Gidamis pale uani na gari alilotaka kuwaombea. Dakika ishirini. Ukurasa aliokuwa anaujua tangu kidato cha pili na hakuufungua. "Mimi ndiye niliyemzuia. Alinisikiliza mimi. Wanakusema wewe na mimi nimenyamaza miezi mitano."

Letisia alinyoosha mkono. Alichukua zile punje kutoka kwenye kiganja cha binti yake, akazigeuza geuza kwa kidole.

"Kwa hiyo ile harufu," alisema mwishowe, "ilikuwa ya mguu."

"Ndiyo, mama."

"Tangu ile siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya nne. Punje nane."

"Niliisikia," alisema Letisia. "Niliisikia mimi kabla yenu wote, hata jioni ya siku ya tatu. Ningesema. Nimekaa na vidonda vya ng'ombe na vya watu maisha yangu yote, naijua harufu ya nyama inayokufa." Akazifumba zile punje kiganjani. "Nilidhani ni mimi. Walisema nina uchafu, basi nikadhani umefika mahali pa kunuka. Nikaona aibu. Nikawa naoga."

Helena akaona yale maji, safari mbili za kisimani, kibuyu na jivu, kigoda kikihamishwa ili upepo usiwafikishie. Akaona mwanamke anayejisugua ngozi nyuma ya nyumba asubuhi na mchana, na mtu anayekufa amekaa upande wa pili wa ukuta ule ule, anahesabu ngano, anacheka.

Alilaza kichwa chake mapajani kwa mama yake. Letisia alishtuka, mikono yake ikaenda juu, hewani, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

"Kaa mbali kidogo, mwanangu," alisema. Alisema kwa mazoea tu.

Helena hakusogea. Mikono ya Letisia ilikaa hewani muda mrefu, ngano ndani ya kiganja kimoja, kabla ya kushuka.